Anayewatazama Waamuzi

Katika uwanja mzima wa mpira wa kikapu, huenda yuko mtu mmoja tu ambaye macho yake hayaufuati mpira. Mashabiki wanauangalia, makocha wanauangalia, makarani wa meza wanauangalia ili waandike pointi. Yeye amekaa juu jukwaani, karibu na pembe, daftari mapajani, na anachokitazama ni miguu ya waamuzi. Mpira ukipaa kuelekea kikapuni, yeye bado yuko chini: mwamuzi wa mstari wa mwisho amesimama wapi? Amemwelekea nani? Kutoka pale alipo, mlinzi anaonekana mwili mzima au amefichwa na mgongo wa mshambuliaji? Huyo ni mtathmini wa waamuzi. Jina lake halisikiki kwenye kipaza sauti, na mechi ikiisha hakuna anayemtafuta ampongeze. Kwangu mimi ni mmoja wa mafundi hodari kabisa wa mchezo huu. Nimependa kukaa karibu na watu wa kazi hiyo, nikijaribu kutazama wanachokitazama, na kila mara nimeondoka nikiwa nimeuona mchezo upya.

Huwezi kuuelewa ufundi wake bila kuelewa ugumu wa kazi anayoipima. Uwanja wa kimataifa una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15. Ndani yake wamo wachezaji kumi, warefu, wenye kasi, wanaogusana kila sekunde, na sheria haisemi kwamba kugusana ni faulo. Sheria inauliza mambo magumu zaidi. Je, mlinzi alikuwa ameshajiweka mbele ya mpinzani wake, uso ukimwelekea na miguu yote miwili ikiwa chini, kabla mshambuliaji hajaruka? Aliruka wima ndani ya nafasi yake, au alisukuma kifua mbele? Mguso ulimharibia mtu shughuli yake, au ulipita tu? Chini ya kikapu kuna nusu duara yenye nusu kipenyo cha mita 1.25, na mlinzi anayemsubiri mshambuliaji ndani yake kwa kawaida hapewi faulo ya kugongwa na aliyeruka na mpira. Kwa hiyo hata kisigino cha mlinzi kilipokanyaga ni sehemu ya uamuzi. Yote hayo yanatakiwa yawe yameamuliwa kabla mpira haujagusa ringi.

Shabiki husema: refa hakuona. Pengine ni kweli. Mtathmini anaanzia pale pale shabiki alipoishia: hakuona kwa nini?

Swali hilo ndilo kazi yenyewe. Kosa la filimbi mara nyingi huanzia miguuni, sekunde mbili au tatu kabla ya filimbi kulia. FIBA, shirikisho la dunia la mchezo huu, linawafundisha waamuzi mambo ambayo ukiyasikia mara ya kwanza utayaona madogo mno. Kaa kwa umbali unaokuwezesha kuona tukio zima. Wakati wa kuamua, tulia, maana jicho linalotembea huona vibaya. Mwangalie mlinzi kwanza, kwa kuwa uhalali wa mgongano mwingi unategemea alichokifanya yeye. Baki na tukio mpaka liishe. Na uwe umeliona tangu lilipoanza, kwa kuwa anayeona mwisho peke yake anabahatisha.

Nitakaa kidogo kwenye suala la umbali, kwa sababu hapa ndipo watazamaji wengi tunapokosea. Mashabiki hupenda kumpigia mwamuzi kelele asogee karibu, kana kwamba ukaribu ndio kuona. Lakini mwamuzi aliyewakaribia mno wachezaji huona kipande: mkono, bega, jezi. Hawezi kuona miguu ya mlinzi na mkono wa mshambuliaji kwa pamoja. Vilevile mwamuzi aliye mbali vya kutosha lakini amepangana na wachezaji wawili kwenye mstari mmoja haoni chochote cha maana. Anaona mgongo, na nyuma ya mgongo anasikia kishindo. Atapuliza kwa kufuata kishindo. Hatua moja ya pembeni, moja tu, ingemfungulia nafasi kati ya miili ile miwili, na katika nafasi hiyo ndimo ukweli ulimo. Ikiwa kuna mwanga kati yao hadi mwisho, hapakuwa na faulo hata kama kishindo kilisikika mpaka barabarani. Mtathmini mzuri anaiona hatua hiyo ambayo haikupigwa. Hufanya kama fundi cherehani anayeligeuza vazi ndani nje ili aone mshono ulianzia wapi kufumuka.

Wakiwa waamuzi watatu, kuna jambo jingine la kupendeza kulitazama. Mmoja hukaa kwenye mstari wa mwisho karibu na kikapu, wa pili hubaki nyuma upande uleule, na wa tatu, yule wa kati, husimama upande wa pili peke yake. Mpira ukihamia upande wa huyo wa tatu, yule wa mstari wa mwisho huvuka kuufuata, na wenzake hubadilishana majukumu bila neno: aliyekuwa kati anakuwa wa nyuma, wa nyuma anakuwa wa kati. Wakiifahamu kazi yao, mabadiliko hayo huwezi hata kuyagundua. Wa mstari wa mwisho akichelewa kuvuka, kwa sekunde chache eneo moja linatazamwa na watu wawili na jingine halitazamwi na mtu. Hapo ndipo zinapozaliwa filimbi mbili zinazopingana, au kiwiko kinachompata mtu usoni na kila mwamuzi akasema kwa dhati kwamba hakukiona. Wote watatu wanasema kweli. Kosa ni la hatua iliyochelewa, na aliyechelewa pengine hata si yule anayezomewa.

Wakati mwingine sababu iko mbali zaidi na hapo. Mwaka 1984 mwamuzi wa Kanada, Ron Foxcroft, alikuwa akichezesha mechi ya kufuzu Olimpiki mjini São Paulo, Brazil. Aliiona faulo, akapuliza, na filimbi haikulia. Punje iliyokuwa ndani yake ilikwama. Umati ulimjia juu. Anayeandika hukumu tu angeandika kwamba mwamuzi aliacha faulo ya wazi, na angekuwa sahihi kabisa, ila asingemsaidia mtu yeyote. Foxcroft alirudi kwao, akatafuta mbunifu, na mwaka 1987, kwenye Michezo ya nchi za Amerika huko Indianapolis, filimbi yao isiyo na punje, Fox 40, ikaanza kutumika. Leo imetapakaa viwanjani duniani. Hivyo ndivyo tathmini inavyozaa matunda: mtu anaipata sababu yenyewe, kisha anaishughulikia hiyo.

Turudi jukwaani. Daftari la mtathmini halifanani na la mwandishi wa habari. Kila uamuzi huangukia katika mafungu manne: filimbi sahihi, filimbi isiyo sahihi, ukimya sahihi na ukimya usio sahihi. Matatu kati ya hayo hata shabiki huyakumbuka usiku akiwa kitandani. Ni la ukimya sahihi ambalo halikumbukwi na mtu, na hilo ndilo ninalolithamini kuliko yote. Mchezaji amepenya, mlinzi ameruka wima kama nguzo, wamekutana hewani, mpira umeanguka, benchi zima limesimama kulalamika, na mwamuzi, ambaye alimwona mlinzi tangu mwanzo, ameiacha filimbi mdomoni bila kuipuliza. Uwanja unamchukia. Juu jukwaani, kalamu inaandika robo, dakika na sekunde za saa ya mchezo, kisha alama ya vema. Huenda ndiye mtu pekee katika jengo lile anayejua kwamba kazi ngumu kuliko zote za usiku ule imefanyika sasa hivi, na imefanyika vizuri.

Anaandika saa ya mchezo kwa sababu ya video. Hukumu ya papo hapo haimtoshi hata yeye mwenyewe. Anataka kurudi alione tukio tena. Na wale walio makini huitazama video bila sauti. Wana sababu. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2002 uliwaonyesha waamuzi 40 wa soka matukio ya mechi moja, baadhi wakiwa na kelele za mashabiki, wengine kimya. Waliosikia kelele waliwaadhibu wenyeji mara chache zaidi. Kama kelele zilizorekodiwa zinamwelemea mwamuzi aliyekaa kitini, basi zinaweza kumwelemea na mtathmini. Anazizima.

Kuna mtego mwingine ambao mtathmini asiyekomaa huingia moja kwa moja: kuhesabu faulo. Anaona timu moja ina tisa na nyingine ina tatu, anatikisa kichwa, na wakati wa mapumziko anawaambia waamuzi waangalie uwiano. Sioni ushauri mbaya kuliko huo. Timu moja inaweza kuwa inalinda kwa mikono na nyingine kwa miguu. Kwa nini zipewe idadi sawa? Wamarekani Anderson na Pierce walichambua mechi 365 za vyuo vikuu na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Kadiri tofauti ya faulo ilivyokuwa kubwa, ndivyo faulo iliyofuata ilivyoelekea kupewa timu iliyokuwa na chache. Waamuzi, pengine bila kukusudia, walikuwa wanasawazisha. Mtathmini anayedai uwiano anaikuza tabia ileile ambayo kazi yake ni kuing'oa. Anayejua kazi haulizi ni ngapi. Anauliza kama mguso wa aina ileile uliopulizwa robo ya kwanza ulipulizwa pia robo ya nne, pande zote mbili.

Sehemu ninayoistahi zaidi huja baada ya mechi, mlango wa chumba cha waamuzi ukishafungwa. Ujuzi wote wa jukwaani unaweza kupotea hapo kwa sentensi moja mbaya. Nimewahi kumsikiliza mkufunzi mmoja, mtu mzima, mwamuzi wa zamani, akizungumza na binti aliyetoka kuchezesha mechi ngumu. Dakika za mwisho alikuwa ameipa faulo timu iliyokuwa inalinda, na kocha wa timu hiyo alitoka uwanjani akifoka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Kunywa maji kwanza."

Akamwacha anywe, viatu vikavuliwa, pumzi ikarudi. Ndipo akauliza:

"Robo ya nne, ule mgongano wa upande wa kulia. Uliona nini?"

"Niliona mlinzi ameingiza bega."

"Kabla ya bega alikuwa wapi?"

Binti akanyamaza, akijaribu kuirudisha picha kichwani. "Kusema kweli sikumwona, mwalimu. Nilikuwa naangalia mpira."

"Basi sababu tumeipata. Ile ilikuwa faulo ya mshambuliaji; mlinzi alikuwa ameshasimama. Mpira ukianza kupenya, macho mpe mlinzi. Mpira unaye mwenyewe, hautapotea."

Kisha akamwonyesha kwenye simu tukio jingine, la robo ya pili. Mshambuliaji anapenya, mlinzi anarudi nyuma akiwa wima, wanagusana, na binti yuleyule, akiwa amesimama tuli pembeni, hapulizi. "Hapa ulimtazama nani?" Akacheka kidogo, akajibu: "Mlinzi." Mzee akasema, "Unajua kufanya. Ifanye na ukiwa umechoka." Hakuongeza la pili, ingawa daftari lake, nililiona, lilikuwa limejaa maandishi.

Nimeyatafakari sana mazungumzo yale mafupi. Hakumficha kosa, alilitaja wazi, kwa maneno machache, na kulitaja ni heshima kwa mtu mzima anayetaka kujua. Aliuliza alichokiona kabla ya kuuliza alichokiamua, kwa kuwa anayeulizwa kwa nini umepuliza huanza kujitetea, na anayeulizwa uliona nini huanza kukumbuka. Hakumwambia awe makini. Neno hilo, "uwe makini", limejaa katika ripoti za waamuzi na halina msaada, kwa sababu hakuna mwamuzi anayejua afanye nini kesho asubuhi ili awe makini. Alimpa kitu cha kufanywa na macho, wakati maalumu, katika hali maalumu. Na ushahidi kwamba anakiweza aliutoa katika kazi ya binti mwenyewe, ndani ya mechi ileile.

Wanasaikolojia wana hoja inayolingana na busara ya mzee yule. Mwaka 1996 Kluger na DeNisi walikusanya tafiti nyingi kuhusu mrejesho, zenye matokeo 607 ya kulinganisha. Kwa wastani mrejesho ulisaidia. Lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo hayo, watu walifanya kazi vibaya zaidi baada ya kupewa mrejesho. Maelezo yao ni kwamba mrejesho huharibu pale unapoyatoa mawazo ya mtu kwenye kazi na kuyapeleka kwenye nafsi yake: mimi ni nani, nimeshuka kiasi gani, wananionaje. Fikiria sasa mwamuzi anayekabidhiwa karatasi yenye alama sita na nusu kati ya kumi, bila tukio hata moja lenye dakika na sekunde. Anaondoka na namba. Usiku mzima atakuwa na nafsi yake, na miguu yake haijajifunza chochote.

Hata ligi ya kikapu iliyo tajiri kuliko zote haijalimaliza tatizo hili. Tangu Machi 2015, NBA ya Marekani hutangaza hadharani ripoti za dakika mbili za mwisho za mechi zilizokaribiana, kila uamuzi ukiwekwa katika mafungu yale manne. Naiheshimu ligi kwa uwazi huo. Mashabiki wana haki ya kujua. Chama cha waamuzi wake kiliwahi kutaka ripoti hizo zikomeshwe, na ninaelewa kwa nini. Ripoti inasema filimbi ile haikuwa sahihi. Haisemi mwamuzi alisimama wapi, alichelewa kuvuka au alizibwa na nani. Inamjibu shabiki na kumwacha mwamuzi na fedheha. Hizo ni kazi mbili tofauti, na kosa ni kudhani kwamba ya kwanza ikifanyika, ya pili imefanyika pia.

Huku kwetu Afrika Mashariki kuna jambo moja zaidi ambalo mtathmini lazima alibebe. Mechi nyingi za mikoani na kwenye kaunti huchezeshwa na waamuzi wawili. Wawili hawawezi kuliona eneo la watatu, hata wawe hodari namna gani. Mpira ukiwa upande mmoja, upande wa pili chini ya kikapu hubaki na jicho nusu. Kumhukumu mwamuzi wa namna hiyo kwa vipimo vya watatu ni kumwonea. Fundi anajua ni matukio yapi yalikuwa ndani ya uwezo wa macho mawili yaliyosimama pale, na yapi hayakuwa. Ya kwanza anayafundisha. Ya pili anayapeleka kwa viongozi wa ligi, kwa kuwa dawa yake ni mwamuzi wa tatu. Vivyo hivyo lawama za makocha: anazisikiliza, anaandika dakika iliyolalamikiwa, analitazama tukio. Kocha anayelia ameona kitu, ingawa huenda si kile anachodhani.

Tangu Ligi ya Afrika, BAL, ianze Kigali mwaka 2021, waamuzi wa bara hili wanatazamwa na dunia wakiwa nyumbani. Atakayesimama pale kesho, leo anachezesha mechi ya jioni kwenye viwanja kama Upanga, Nyayo au Makande, na kama hakuna mtu jukwaani anayeitazama miguu yake, atayarudia makosa yaleyale mpaka yawe mazoea, akisifiwa na wanaoshinda na kutukanwa na wanaoshindwa. Semina ya siku mbili kabla ya msimu haiwezi kuziba pengo hilo. Semina hufundisha sheria, na sheria waamuzi wetu wengi wanaijua.

Kwa hiyo naziomba ligi, kubwa na ndogo, ziweke mambo matatu. Kamera moja juu ya stendi, usawa wa mstari wa katikati ya uwanja, mahali pa juu panapoonyesha waamuzi wote muda wote, siyo simu inayokimbizana na mpira. Chumba chenye mlango unaofungwa na dakika ishirini baada ya mechi, kocha na kiongozi yeyote asiingie. Na posho ya mtathmini, ihesabiwe katika bajeti ya mechi pamoja na ya waamuzi na makarani, ili wazee wanaojua kazi hii wasiendelee kuifanya kwa nauli zao. Viongozi wa vyama vya mikoa na kaunti, hamna haja ya kusubiri mfadhili wala ukumbi mpya. Anzeni na kamera, msimu huu.